Mzunguko Mmoja Uliopungua

Sehemu ya kumi na moja

“Thelathini na moja!”

Sauti hiyo ilitoka roshani ya juu kabisa, kwenye viti vya wale wasiokosa onyesho hata theluji ikifika magotini, na ndiyo tuliyoachana nayo wiki jana. Rimma Gennadyevna Oborina alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuzunguka. Mkono mmoja juu, kidevu juu, tabasamu la ushindi usoni. Watu elfu moja walikuwa wameshainua mikono wapige makofi. Mikono ikaganda hewani.

Makofi yalikuja baadaye, lakini yalikuja kwa adabu. Na Rimma, aliyezoea makofi ya vishindo kwa miaka ishirini, aliijua tofauti kabla pazia halijashuka.

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani leo kwa mara ya kwanza, habari ni fupi. Rimma ndiye mchezaji mkuu wa baleti katika mji wetu wa Zarechinsk. Ana miaka thelathini na minane, umri ambao wenzake wengi wameshakaa nyumbani wakanenepa kwa raha zao. Katika mchezo wa Binti wa Mfua Kengele, kwenye karamu ya harusi, husimama kwa ncha ya mguu mmoja akazunguka pale pale mara thelathini na mbili, mguu wa pili ukichapa hewa kila mzunguko. Siku ya kuzaliwa kwake alitamba redioni, mji mzima ukisikia: “Siku nitakayopungukiwa hata mmoja, nitampa Ulyana viatu vyangu kwa mkono wangu mwenyewe!”

Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Ulyana, binti wa miaka ishirini na miwili anayejifunza kushika nafasi yake, ndiye aliyeona haya kuliko wote. Lakini Rimma ndivyo alivyo. Mdomo wake humtangulia, yeye akafuata nyuma akihema.

Na onyesho jingine lilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Nyuma ya pazia walikuwa wameshamzingira.

“Thelathini na mbili!” alisema mkurugenzi, Lev Semyonovich, akimkumbatia kabla hajaulizwa. “Nimehesabu mwenyewe.”

“Ulikuwa wapi ukihesabu?”

“Ofisini.”

“Ofisini kwako huoni jukwaa, Lev Semyonovich.”

“Kuna spika. Mimi nina sikio.”

Rimma akamgeukia Kapitolina Fyodorovna, mwalimu wake. Bibi huyo ana miaka sabini na tisa na mkongojo wenye kichwa cha fedha, na hajawahi kumsifu mtu mbele ya mashahidi.

“Mwalimu?”

“Umezunguka kama nilivyokufundisha,” alisema Kapitolina. Alikuwa akiutazama mkongojo wake.

“Na huyo aliyepiga kelele?”

“Kichaa wa mbaazi,” alisema mkurugenzi. “Taisiya Pavlovna. Nitawaambia wamzuie mlangoni.”

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hasira, maana hakuna wa kumzuia Taisiya Pavlovna mlangoni. Ni mwuza dawa mstaafu. Kila onyesho huja na mbaazi kavu thelathini na mbili katika mfuko wa kulia wa koti. Rimma akianza kuzunguka, mbaazi huhama moja moja kwenda mfuko wa kushoto. Katika mji huu neno la Taisiya kuhusu jambo hilo huaminiwa kuliko la gazeti, na hatulisemi hilo kwa furaha.

Jumapili asubuhi mkurugenzi alimpelekea Rimma maua nyumbani. Rimma aliyahesabu mara moja, akayahesabu tena. Yalikuwa kumi na mawili. Kwetu maua ya shufwa hupelekewa maiti. Aliye hai hupewa witiri.

“Huyu mtu hajui kuhesabu,” alisema, akatoa ua moja akalitupa dirishani.

Jumatatu, siku ambayo ukumbi hufungwa, alinunua keki ya asali akapanda ngazi za ghorofa tano hadi kwa Taisiya Pavlovna. Alikuwa amejiandaa kugomba. Maneno alikuwa nayo mdomoni, yamepangika vizuri, mengine makali sana.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga.

“Umekuja kunipiga?” aliuliza Taisiya.

“Nimekuja na keki.”

“Basi vua viatu, uingie. Ndara za wageni hizo hapo. Chukua zenye sungura.”

Hivyo ndivyo Rimma, Msanii wa Heshima wa mkoa wetu, alivyojikuta ameketi jikoni, miguuni ana sungura wawili, mbele yake kikombe cha chai na kibakuli cha jamu ya cheri. Ni vigumu kugomba ukiwa umevaa sungura.

“Taisiya Pavlovna, miaka ishirini unanihesabu. Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea, mwanangu. Ilinitoka tu. Mtu akiona panya si hupiga kelele?”

“Kwa hiyo mimi ni panya?”

“Kula keki.”

“Sitaki keki! Nataka useme mbele ya watu kwamba umekosea.”

Taisiya alimtazama kwa njia ya ajabu, kama mtu anayemwona mgeni.

“Una kovu dogo kidevuni,” alisema. “Sikuwahi kujua.”

“Nimekuwa nalo tangu utotoni.”

“Ndiyo. Lakini mimi Septemba hii nimetolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Juzi Jumamosi ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona.”

Rimma aliweka kikombe chini.

“Mara ya kwanza? Na ile miaka ishirini?”

“Ile nilikuwa naona kitu cheupe kinazunguka huko chini, basi. Nilikuwa nahesabu ngoma. Ngoma ya okestra ikipiga, mbaazi moja. Ngoma thelathini na mbili, mbaazi thelathini na mbili, narudi nyumbani nimeridhika. Juzi nikajiambia, Taisiya, leo una macho, leo hesabu mguu.” Aliinua mabega. “Mbaazi moja ikabaki. Halafu yule mfalme wenu, kumbe zile nywele si zake!”

“Tuache nywele za mfalme. Chukua sufuria.”

“Ya nini?”

“Piga ngoma.”

Taisiya akachukua sufuria na mwiko. Rimma akavua sungura, akasimama peku katikati ya jiko, baina ya meza na friji. Hakukuwa na nafasi ya kuzunguka sawasawa, kwa hiyo alifanya polepole, kwa kuonyesha tu, jinsi wachezaji wanavyofanya wanapokumbushana.

Sufuria ikalia. Rimma akageuka.

“Moja,” alisema.

“Ngoja,” alisema Taisiya. “Mguu haujachapa.”

“Huu ni wa kuingilia.”

“Naona. Umeukunja mguu gotini, umegeuka. Lakini haujachapa. Mbaazi yangu bado iko mfukoni.”

“Ndio wa kwanza huu! Ndivyo nilivyofundishwa na...”

Uso wake ulipauka, na Taisiya alipoona hivyo aliweka mwiko chini.

Duniani kote mchezaji huanza na mzunguko mmoja wa kuingilia ili apate kasi, na duniani kote mzunguko huo hauhesabiwi. Inayohesabiwa ni ile ya kuchapa. Rimma alikuwa akiingia pamoja na ngoma ya kwanza na kuuita ule mzunguko moja. Amefanya hivyo tangu ana miaka kumi na minane. Utauliza, hakuwahi kuona wengine wakizunguka? Aliwaona. Lakini mchezaji akimtazama mwenzake hahesabu. Anaangalia kifundo cha mguu kinachotetemeka, ili aende akasimulie.

Kumbe hajawahi kuzunguka thelathini na mbili. Hata siku moja. Kile kiapo cha redioni alikivunja miaka ishirini kabla ya kukitamka.

Na aliyemfundisha ni Kapitolina Fyodorovna. Picha ya Kapitolina imetundikwa kwenye ukumbi wa kuingilia, ndani ya fremu ya dhahabu, na chini yake pameandikwa kwamba huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Zarechinsk kuzunguka mara thelathini na mbili. Rimma akisema ukweli, picha ile itashushwa.

“Sasa utafanyaje?” aliuliza Taisiya kwa sauti ndogo.

“Nitasema kosa ni langu. Nilichoka, nikapungukiwa. Jumamosi acheze Ulyana.”

“Na Kapitolina?”

“Asijue. Ana miaka sabini na tisa. Hana kitu kingine.”

Taisiya alisugua macho yake mapya, jambo ambalo daktari alimkataza.

“Ningejua ningebaki na mtoto wangu wa jicho,” alisema. “Nitasema nimekosea mimi, mwanangu.”

“Usithubutu,” alisema Rimma, akaivuta sahani ya keki, akala kipande kikubwa, yeye ambaye hajala keki tangu mwaka juzi.

Jumanne asubuhi aliingia kwenye chumba cha mazoezi akichechemea. Kapitolina alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya vioo, mkongojo mapajani.

“Mwalimu, mguu unaniuma. Jumamosi mpeni Ulyana.”

“Mguu upi?”

“Wa kulia.”

“Mbona umeingia ukichechemea wa kushoto?”

Rimma akaanza kuchechemea wa kulia. Katika mambo yote aliyofundishwa na bibi huyu, kudanganya hakukuwemo. Au ndivyo alivyodhani.

“Ulikwenda kwa Taisiya,” alisema Kapitolina.

“Nani kakwambia?”

“Unanuka asali. Keti, Rimka. Unadhani mimi sijui kuhesabu?”

Rimma aliketi sakafuni, kama alivyokuwa akiketi utotoni, alipoitwa Rimka.

“Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,” alisema mwalimu. “Ule wa kuingilia unatakiwa uingie kabla ya ngoma. Peke yako. Okestra imenyamaza, watu elfu wanasikia unavyopumua. Nikaogopa. Nikaingoja ngoma, nikaingia nayo, na mmoja ukaniponyoka. Nililia chumbani nikijua kesho nitafukuzwa. Kesho gazeti likaandika thelathini na mbili.”

Lilikuwa gazeti hili hili. Tunakiri.

“Nikasema nitarekebisha onyesho lijalo. Lilipofika nikaogopa zaidi, maana sasa nilikuwa na sifa ya kulinda. Halafu wakatundika ile picha.”

“Na sisi?” Sauti ya Rimma ilipanda. “Mimi je? Nilikuwa mtoto! Ungenifundisha chochote ningefanya. Ungeniambia ruka dirishani ningeruka!”

“Ndiyo maana.”

“Ndiyo maana nini?”

“Nilingoja mmoja wenu aniulize, mwalimu, mbona hatuanzi kabla ya ngoma? Miaka hamsini na sita nimengoja. Mkawa mnainama, mnasema asante, mnakwenda zenu. Mlinipenda mno.”

Rimma alikasirika. Alikasirika kweli kweli, hasira ya kutaka kuvunja kioo. Miaka ishirini ya vifundo vilivyovimba na vidole vinavyotoka damu, na katikati yake mzunguko mmoja wa uongo ambao hata haukuwa uongo wake. Alisimama aondoke. Hatua ya tatu akasita.

“Hakuna hata mmoja aliyeuliza?” alisema Rimma, mgongo umegeuka.

“Mmoja tu.”

“Nani?”

Kapitolina aligonga sakafu kwa mkongojo mara tatu.

“Ulyana! Acha kusikiliza mlangoni. Ingia.”

Mlango ulifunguka na Ulyana akaingia, mwekundu mpaka masikioni.

“Aliuliza mwaka juzi,” alisema mwalimu. “Nikamwambia anyamaze.”

“Nikanyamaza,” alisema Ulyana.

“Lakini?” aliuliza Rimma.

“Lakini kila asubuhi nakuja mapema, kabla yenu. Nazunguka peke yangu.”

“Ngapi?”

Ulyana akaanza kukaza utepe wa viatu vyake.

“Ngapi, Ulyana?”

“Thelathini na mbili.”

“Kwenye mazoezi yetu unazunguka thelathini na moja kama mimi!”

“Hapo huwa napunguza.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenimeza mzima mzima, Rimma Gennadyevna.”

Rimma alifikiri kidogo. “Kweli,” alisema. “Ningekumeza.”

Kapitolina alikohoa, na wanaomfahamu wanasema kule ndiko kucheka kwake.

“Kiapo ni kiapo,” alisema Rimma. “Sikikimbii. Ila kwanza nataka nizunguke thelathini na mbili, mara moja tu maishani, mbele ya watu. Jumamosi. Nikiweza, nimelipa deni la redioni na naendelea. Nikishindwa, nampa Ulyana viatu pale pale jukwaani.” Akamgeukia binti. “Nifundishe.”

“Mimi?”

“Unamwona mwingine hapa anayejua?”

Jumatano ilikuwa balaa. Kapitolina alipiga sakafu kwa mkongojo badala ya ngoma, Rimma akaanguka mara nne.

“Unaingoja ngoma,” alisema Ulyana.

“Siingoji.”

“Bega lako linaingoja.”

“Bega langu lina miaka thelathini na minane, liheshimu.”

“Ngoma ikukute umeshazunguka. Tena.”

Alhamisi binti alikuwa amezoea kazi kiasi cha kutisha.

“Tena. Tena. Hapo umesikiliza.”

“Usinifokee, mtoto wewe!”

“Basi usisikilize. Tena.”

Rimma alimtazama Kapitolina amsaidie. Kapitolina alikuwa anatazama dari kama mtu asiyehusika.

Jambo lenyewe lilionekana dogo. Kuanza sekunde moja mapema, basi. Lakini miaka ishirini mwili wake ulikuwa ukishikwa mkono na ngoma ile, na sasa aliambiwa avuke peke yake. Kila alipofika pale kwenye ukimya, moyo ulimpiga kama siku ya kwanza alipopanda jukwaani. Aliogopa. Hakuwa amejua kwamba bado anaweza kuogopa hivyo, na hilo lilimuudhi kuliko kuanguka.

Ijumaa mchana alifunga utepe wa viatu vyake. Akasimama katikati ya chumba. Kapitolina aliinua mkongojo, hajaushusha.

Rimma akaingia kwenye mzunguko.

Mkongojo ulipogonga, mguu wake ulikuwa umeshachapa. Ulyana akaanza kuhesabu kwa midomo bila sauti. Kumi. Jasho lilikuwa linaruka hadi kwenye vioo. Ishirini. Kifundo kikatetemeka, kikatulia. Thelathini. Thelathini na moja, pale ambapo mwili wake umezoea kusimama na kutabasamu. Hakutabasamu. Alizunguka tena.

Hakuna aliyeshangilia. Kapitolina Fyodorovna aliinuka, akaenda dirishani, akawapa mgongo.

Katika kazi hii somo haliishi mpaka mwanafunzi amwinamie aliyemfundisha. Rimma alimwinamia Kapitolina kama kila siku, ingawa alikuwa amegeuka. Kisha akamgeukia Ulyana.

Akashuka. Hakushuka kidogo, kama wakubwa wanavyowafanyia wadogo. Alishuka hadi chini, goti sakafuni, kichwa kimeinama, vile anavyowashukuru watu elfu wanaomrushia maua.

“Asante, mwalimu wangu,” alisema.

Ulyana akaangua kilio.

“Usiniinamie! Inuka, Rimma Gennadyevna, tafadhali!”

“Nimekosea? Mkono umekaa vibaya?”

“Lev Semyonovich aliniita Jumapili asubuhi.”

Rimma hakuinua kichwa. “Akasema nini?”

“Akasema umemwambia mwenyewe kwamba umemaliza. Kwamba kiapo ni kiapo. Nikaamini, maana ni maneno yako kabisa. Mabango yameshachapwa, kesho alfajiri yanabandikwa.” Alijifuta pua kwa kiganja. “Jina lililopo ni langu. Nilitia sahihi mkataba.”

“Jumapili,” alisema Rimma, akiyakumbuka yale maua kumi na mawili. “Na tangu Jumanne unajua kwamba alikudanganya.”

“Ndiyo.”

“Na ukanifundisha siku tatu.”

“Uliniomba. Ningekukataliaje?”

Dirishani, Kapitolina alikuwa amegeuka kuwatazama. Rimma alikuwa bado chini, goti sakafuni, jasho likimdondoka kidevuni.

“Nisaidie kuinuka kwanza,” alisema polepole, “halafu nitaamua kama nikuchape.”

Ulyana alinyoosha mkono. Rimma akaushika, akainuka, na hakuuachia.